Injini Ikipoa

Selestini alipiga kiki mpaka shati likamganda mgongoni, na pikipiki haikumjibu hata kwa kikohozi. Akashuka, akaitazama kwa chuki, akasema kosa ni plagi, yeye hajawahi kukosea kuhusu plagi tangu aanze ufundi.

Mkaguzi Msaidizi Edina Nandonde alikuwa amesimama pembeni, mikono kifuani, chini ya banda la mabati nyuma ya kituo cha polisi cha Nachingwea ambako vielelezo vya kesi huwekwa vikapigwa na vumbi. Alimwambia afungue plagi hiyo basi, wasipoteze asubuhi. Ilifunguliwa, ikaegemezwa kwenye silinda, kiki ikapigwa, na cheche ya buluu ikaruka safi kabisa. Selestini akairudisha mahali pake, na kwa muda ule hakujisifu tena.

Ilikuwa pikipiki ya Kijapani ya zamani, ya silinda moja, yenye tangi la duara lililokuwa jekundu enzi zake. Katika wilaya mbili, Nachingwea na Ruangwa, zilikuwa zimebaki mbili tu za namna hiyo, na hapo ndipo balaa lote lilipoanzia. Mzee Abdalah Mpwapwa alikutwa amekufa kando ya barabara ya Nanganga, mguu umevunjika paja, damu imeloa mchangani. Mama mmoja aliyekuwa anafunga ufuta shambani jirani alieleza kwamba aliyemgonga alikuwa na pikipiki ya kizamani yenye tangi la duara, na kwamba alikimbia. Ya kwanza kati ya zile mbili ilikuwa ya Mudrik, kule Malolo. Edina alikwenda mwenyewe na matumaini mengi, akamkuta Mudrik anacheka: injini haina silinda wala pistoni, na kwenye kisanduku cha spana kuku alikuwa analalia mayai. Ya pili ilikuwa hii, iliyochukuliwa Marambo nyumbani kwa kijana Rahimu.

Na Rahimu alikuwa mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake wa tumbo moja. Sasa alikuwa mahabusu Ruangwa. Maelezo yake yalikuwa mafupi na hayakubadilika: pikipiki yake ilikuwa mbovu, ilikufa kabla msimu wa kupuliza mikorosho dawa ya salfa haujaanza, hakuitoa uani hata siku moja. Kama ni kweli, kesi imekwisha na kijana anarudi kwao. Kama si kweli, anapelekwa mahakamani na hakuna wa kumtoa.

Aliyemtuma Edina kwenye banda lile hakuwa mkuu wake wa kazi. Ni Bi Hadija, mama wa Rahimu. Alikuja kituoni akiwa bado na kitambaa cha msiba kichwani, akakataa kiti, akasema maneno machache. "Nimemzika kaka yangu. Sasa wanataka nimzike na mwanangu, yeye mzima. Ipimeni hiyo pikipiki, mwanangu. Itasema." Mkaguzi wa magari alikuwa ameshaandika habari za breki na taa, lakini kama injini inaweza kutembea au la, hakuna aliyemwuliza. Edina akaenda kumtafuta Selestini. Moyoni alikuwa anamwamini yule kijana, na hilo lilimsumbua, maana upelelezi unaoanza kwa kuamini huwa unapinda.

"Fungua kabureta," alisema.

Selestini alichomoa bomba la petroli, akalegeza skrubu, bakuli la kabureta likamjia mkononi. Chini kulikuwa na uchafu mzito wa rangi ya asali. Alichomoa jeti ndogo, ile inayoilisha injini ikiwa imetulia, akaielekeza kwenye jua, akatikisa kichwa. Haikupitisha mwanga. Imeziba kabisa, alisema, unyoya wa kuku haupiti. Edina akauona mlango unafunguka kidogo. Akauliza kama pikipiki yenye jeti ya namna hiyo inaweza kutembea.

"Subiri, afande." Selestini alichovya kidole kwenye bakuli, akasugua na gumba, akasugua tena. "Petroli hukauka. Hii inateleza. Hii ina oili ndani."

Edina naye alichovya. Kweli iliteleza, na ilikuwa na kitu kingine, chenga laini za njano zilizobaki kwenye mikunjo ya kidole. Hakuhitaji kunusa, lakini alinusa. Mtu aliyekulia kwenye mikorosho haikosei salfa: ile harufu inayokaa kwenye nguo mpaka Desemba. Akamwambia Selestini afungue filta ya hewa. Nje ilikuwa na vumbi jekundu la barabarani kama filta yoyote. Ndani, upande wa kuelekea kwenye kabureta, ilikuwa imepakwa unga wa njano.

Petroli iliyochanganywa na oili ni chakula cha mashine za kupulizia salfa, zile zinazobebwa mgongoni. Pikipiki kama hii haili hicho. Mtu aliyeishiwa petroli shambani alimimina tangini chupa ya mashine ya salfa. Kosa hilo hulifanya watu wa huku tu, na hulifanya wakiwa na haraka.

"Labda ilikuwa imeegeshwa uani, salfa ikapeperuka," Selestini alijaribu.

"Ingekaa kwenye siti. Pikipiki iliyolala haivuti pumzi. Hii imevuta."

Alitoka bandani akazunguka mbele ya kituo. Bi Hadija alikuwa pale kwenye benchi, kama alivyokuwa kila siku, amekunja miguu ndani ya kanga. Edina alimwamkia, akakaa karibu naye, akazungumza kwanza habari za shamba. Kisha akauliza mwaka huu salfa walipuliza lini. Mama yule akajibu bila kuchelewa, akifurahi kuulizwa jambo analolijua. Walichelewa sana, alisema, mashine ni ya kikundi na zamu yao ilifika mwisho. Walipuliza alfajiri ya siku ile ile aliyokufa kaka, hewa ikiwa imetulia, na hawakumaliza hata nusu ya mikorosho kwa sababu ya habari ya msiba. Tangu hapo mashine imekwenda kwa wengine.

"Na Rahimu ndiye aliyepuliza?"

"Nani mwingine niliye naye?"

Edina alimshukuru. Alirudi bandani akiwa amejichukia kidogo, kwa sababu mama yule alikuwa ameuvunja utetezi wa mwanawe kwa mdomo wake na alikuwa amebaki kwenye benchi anatabasamu.

Basi Rahimu alikuwa amedanganya. Pikipiki ilivuta hewa asubuhi ile. Lakini uongo ni uongo, Edina alijiambia, hauvunji paja la mtu. Watu husema uongo polisi kwa sababu ya kuogopa polisi. Akapiga picha za kila kitu, akamwambia Selestini asisafishe chochote, arudishe jeti na uchafu wake, bakuli na mafuta yake, waiwashe ikiwa vile vile ilivyokuwa.

Selestini alifunga choki, akavuta mafuta, akapiga kiki moja ya hasira. Ikanguruma. Moshi wa buluu ukajaa banda, askari wakachungulia madirishani. Alipoachia mafuta, ikazima.

"Haikai sailensa, haingurumi yenyewe bila kuvutiwa mafuta," alisema. "Jeti ndogo ndiyo ya kuiweka sailensa, na hiyo imeziba. Hii inatembea kwa jeti kubwa tu. Ukishaiwasha, usiachie mkono. Ukiachia tu, imekufa."

Aliiwasha tena, akaiendesha kuzunguka uwanja mpaka injini ikawa ya moto kiasi kwamba mate yaliyoigusa yalichemka. Akaachia. Ikazima. Sasa alipopiga kiki, mguu ulishuka bila kizuizi chochote, kama anakanyaga hewa. Akapiga tena na tena. Hakuna.

Hapo akafurahi, maana alikuwa amepata ugonjwa wa pili. Alifungua kifuniko cha juu cha silinda, akajaribu kupitisha kijibati chembamba cha kupimia kwenye tapeti, kile chuma kinachoisukuma valvu ya kutolea moshi. Hakikupita. Hapakuwa na nafasi hata ya unywele. Alimweleza Edina kwa mikono miwili, kiganja kimoja kikiwa valvu na kingine kikiwa kiti chake: injini ikiwa baridi, valvu inafunga, inawaka vizuri; ikipata moto, chuma kinarefuka, valvu inabaki wazi kidogo, pumzi yote inatoroka. Ukiwa unakwenda hujui. Ukizima ndipo unajua. Hapo utapiga kiki mpaka uchoke. Haiwaki mpaka ipoe.

Edina alimwomba arudie maneno ya mwisho. Akarudia.

Akili yake ilikimbia mbele yake. Kutoka Marambo mpaka Nanganga ni mwendo wa kuichemsha injini yoyote. Mtu akigonga mtu, pikipiki inayumba, inaanguka, mkono unaachia mafuta. Hii ingezima pale pale, na ingekataa kuwaka. Lakini shahidi alisema aliyegonga alikimbia. Aliyekimbia hakuwa na pikipiki hii. Hakuweza kuwa nayo.

"Basi mtoto anatoka," Selestini alisema.

"Twende tukaone kwanza."

Walikwenda. Selestini aliendesha ile nzee bila kuachia mafuta hata mara moja, akipita mashimo kama mwendawazimu, na Edina alimfuata na gari la kituo. Barabara ilikuwa na vumbi na mikorosho pande zote ilikuwa imeanza kuchanua. Alijikuta anaimba chini chini, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu faili hilo liwekwe mezani kwake. Walipofika pale Nanganga penye alama ya chokaa iliyokuwa imeanza kufutika, alimwonyesha Selestini ishara, naye akaachia. Ikazima. Akapiga kiki mpaka akachoka. Ilikuwa imekufa kabisa, na Edina hakuwa amewahi kukifurahia kifo cha mashine namna ile.

Selestini, kwa mazoea, alichukua chupa ya maji garini akaanza kuifungua. Waendesha bodaboda wote hufanya hivyo, alisema, unaimwagia ipoe upesi, ingawa inaweza kupasua silinda. Edina alimshika mkono. Alichutama. Kwenye mapezi ya kupoozea ya silinda, chini ya vumbi jipya, kulikuwa na michirizi myeupe ya chumvi, ile inayobaki maji ya kisima yakikaukia kwenye chuma cha moto. Mtu alikuwa ameshaimwagia maji ili iwake tena, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa ameiosha.

Halafu akasema waende wakamwone shahidi, na sauti yake haikuwa ile ya njiani.

Mwanawetu, mama wa ufuta, alikuwa shambani kwake, hatua chache kutoka barabarani, anapiga matita ya ufuta juu ya turubai. Aliwakaribisha kivulini, akaleta kigoda kwa ajili ya Edina. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnyofu, Kiswahili chake kikipita kwanza kwenye Kimwera kabla ya kutoka. Edina alimwambia hajaja kumsumbua, ila anataka amsikie tena, taratibu, tangu mwanzo.

"Nilisikia kishindo," Mwanawetu alisema. "Nikainua kichwa. Nikaona pikipiki ile ya duara imelala. Na watu wawili."

"Halafu yule mwenye pikipiki akakimbia."

"Akakimbia, ndiyo. Ila baadaye."

Edina aliuliza baadaye maana yake nini. Mwanawetu akamtazama Selestini, akarudisha macho kwake, akaonekana kutoelewa kosa liko wapi. Askari walimwuliza kama yule mtu alikimbia, alisema, naye akajibu alikimbia, maana alikimbia kweli. Hawakumwuliza alikaa muda gani kwanza.

"Alikaa?"

"Alikaa naye. Nilijua ni ndugu wanatengeneza pikipiki, mmoja amekaa chini anamwelekeza mwenzake. Walikuwa wanaongea, mama. Mtu anaongea, utajuaje kama anakufa? Mimi nikaendelea na ufuta wangu. Nilifunga matita yale yote pale." Alionyesha safu ndefu iliyosimama inakauka. "Ndipo ikawaka, akaondoka. Nikaona yule mwingine hajanyanyuka. Nilipofika, hakuwa mtu tena."

Alianza kulia bila sauti, akiendelea kushika tita mkononi. Edina alimwambia hana kosa, na alisema kweli, lakini maneno hayakumsaidia yule mama wala yeye mwenyewe. Selestini aliondoka kivulini akaenda kusimama barabarani.

Injini ilikuwa imepoa waliporudi. Iliwaka kwa kiki ya kwanza.

Ruangwa walifika jua likiwa bado kali. Rahimu aliletwa chumbani, kijana mrefu, mwembamba, aliyekonda zaidi kwa siku za mahabusu. Edina alimsomea haki yake, kwamba halazimiki kusema neno, na atakalosema litaandikwa na laweza kutumika mahakamani. Kisha hakumwuliza kama alikuwepo. Alimwambia kilichokuwa kwenye bakuli la kabureta. Akamwambia kuhusu valvu, kuhusu michirizi ya maji, kuhusu Mwanawetu na ufuta wake. Rahimu alisikiliza akitazama meza. Ilipofika habari ya maji, mabega yake yalishuka.

"Alinisimamisha yeye," alisema. "Pikipiki ilikuwa yake kabla hajanipa. Aliusikia mlio wake kwa mbali, akaingia barabarani, akainua mkono. Mimi siwezi kupunguza. Nikiachia inazima."

"Ukamgonga."

"Nikamgonga mjomba."

Edina aliandika. Akauliza maji yalitoka wapi.

"Ni yake. Alikuwa na dumu anatoka kisimani. Nilikuwa napiga kiki, haiwaki, nalia. Yeye yuko chini. Akaniambia, acha kupiga, unaichosha. Akaniambia, imwagie maji, polepole, anzia chini. Akaniambia, sasa kaa, subiri ipoe, usiwe na haraka. Tukakaa. Akaniuliza mama hajambo. Akaniuliza salfa tumemaliza. Halafu akasema, jaribu sasa, funga choki. Nikajaribu, ikawaka."

"Na hukumpakia."

Rahimu aliinua mkono wake wa kulia, ukiwa umekunjwa kama unashika usukani, akautazama. "Nimpakieje, afande? Nikiachia mkono inazima. Yeye hawezi kunyanyuka mwenyewe. Nilimwambia naenda kuita watu. Akasema nenda."

"Uliwaita?"

Nje mtu alikuwa anafagia, na ufagio ulisikika vizuri.

"Niliwakuta watu mbele, kwenye duka. Nilikuwa nimekwenda kasi, nikawapita. Nilijua nikisimama inazima tena, watakuja, watauliza. Nikasema nitasimama kwa wanaofuata. Na wanaofuata nao nikawapita. Mpaka nikafika nyumbani."

Edina alimaliza kuandika, akamsomea, akampa asaini. Katika miaka yake ya kazi alikuwa amewahi kuwachukia watuhumiwa, na mara nyingine kuwahurumia, lakini hakukumbuka kama alishawahi kutojua la kufanya na uso wake. Alitoka.

Bi Hadija alikuwa ameshafika. Alikuwa amepanda gari la kwanza alilolipata alipowaona wanaiondoa pikipiki Nachingwea, na alikuwa amekaa kando ya ukuta, kontena la chakula la mwanawe kwenye mapaja. Alipomwona Edina alisimama. Hakuuliza kama wamefaulu. Aliusoma uso wake, na kwa muda mikono yake ikatafuta mahali pa kuliweka lile kontena.

"Ni yeye," alisema.

"Ni yeye, mama."

"Sawa. Lakini kaka alikufa papo hapo. Walituambia hivyo msibani, kwamba hakusikia kitu. Hiyo angalau."

Edina alijua angeweza kunyamaza. Alijua pia kwamba karatasi ile itasomwa kwa sauti mahakamani, na mama huyu atakuwa amekaa mbele. Akamwambia hapana, hakufa papo hapo. Rahimu alikaa naye mpaka injini ikapoa. Bi Hadija hakuelewa injini kupoa ni kitu gani, akauliza ni muda gani huo, na Edina akajikuta anaeleza habari ya valvu, chuma kinachorefuka, kiki isiyojibu, kwa mwanamke ambaye hakuwa amewahi kushika spana maishani mwake. Mwishowe akasema ni kama muda wa kuivisha maharage.

"Na alikuwa anasemaje muda wote huo?"

"Alikuwa anamfundisha kuiwasha."

Bi Hadija alikaa chini, pale pale kwenye mchanga, akanyoosha miguu kama wanawake wanavyokaa msibani. Hakulia. Kwao mtoto akipata kesi, baba ni mgeni. Anayeitwa ni mjomba, yeye ndiye anayekwenda kusimama mbele ya watu na kumsemea. Edina alichutama mbele yake, kwa sababu kusimama aliona ni vibaya. Kisha mama yule akalisukuma kontena kuelekea kwake kwa vidole.

"Mpelekee kabla hakijapoa," alisema. "Mwambie ale. Wa kumsemea tumeshamzika."